Mimea Iliyomwonea Haya Mlinzi

Perpetua Dimaculangan alikataa kazi ya benki aliyotafutiwa na mjomba wake, akaja kwetu, kwenye kitalu cha utafiti cha Los Baños, Ufilipino, kufundisha tumbaku kunusa. "Umesoma kote huko ili uongee na majani?" mama yake alimwuliza.

Uchawi haukuwamo. Ndani ya mmea aliunganisha vipande vitatu vya jeni, navyo alivipa majina: pua, tarishi na mpaka-rangi. Pua ikikutana na dawa fulani ya wadudu, tarishi hupeleka habari, mpaka-rangi huyageuza majani kuwa mekundu kama bitiruti. Ukitaka mmea unuse kitu kingine, unabadilisha pua tu. Wale wawili wanabaki kazini.

Basi mstari uliomwagiwa dawa ukawa mwekundu, tukashangilia. Lakini mstari wa mlangoni, uliopewa maji matupu, nao ukaiva. Perpetua akaishiwa raha. Mbwa anayebweka hata pasipo mwizi ni wa nini? Akaunda pua upya, akapanda upya, akangoja. Mlangoni, wekundu vilevile.

Hapo mlangoni ndipo alipokuwa akikaa Mang Isidro, mlinzi wa kitalu. Sisi wenye midomo hatukuchelewa.

"Mang Isidro, umeyafanya nini majani ya watu? Yanakuonea haya!"

"Uzuri ni kipaji, wanangu," akajibu, akichana nywele zake chache.

Utani ukavuka geti, na ulipomfikia mkewe, Aling Rosenda, ulikuwa umeota mbawa. Akatuvamia na mwavuli mkononi.

"Yuko wapi huyo binti anayeiva uso akimwona mume wangu?"

"Ni huyu hapa, mama," Perpetua akasema, akimwonyesha chungu.

Aling Rosenda akautazama mmea, akamtazama mumewe. "Maskini, una macho mabovu wewe! Huyu? Huyu anayenuka dawa ya utitiri? Kutwa kumwogesha jogoo wake wa mapigano! Nimemfukuza nyumbani na beseni lake, sijui sasa anamwogeshea wapi."

Nyuma ya rundo la vyungu vitupu, jogoo akawika.

Perpetua akamgeukia mlinzi. "Mang Isidro, maji ya kuogea unayamwaga wapi?"

"Mimea ilikuwa na kiu, binti yangu," akajibu kwa sauti ndogo.

Tulidhani Perpetua atamrukia. Wapi! Alikaa sakafuni akacheka mpaka machozi, maana dawa ya jogoo ilikuwa ileile aliyoundia pua, na mimea yake haikuwa imesema uongo hata mara moja.

Mkuu wa idara alifoka, jogoo akapigwa marufuku, na Perpetua akalazimika kurudia jaribio lote tangu mbegu. Safari hii mstari wa maji ulibaki kijani. Siku hiyo alitununulia pai ya madafu, na nusu yake akaila peke yake, amesimama, bila kumwomba mtu radhi.