Ndevu za Zedekia Zamsubiri Kinyozi wa Bwera

Saa tatu asubuhi, siku ya soko Bwera, Benoît kinyozi ananoa wembe kwenye mkanda wa ngozi huku akiimba. Kiti chake ki tupu. Watu wamesimama pembeni wakimtazama Zedekia, mkulima wa kahawa mwenye ndevu zilizovuka kola ya shati.

Ndevu hizo ni za woga, na mwenyewe hafichi.

Mwaka jana, 1968, Benoît alikuwa anamnyoa rafiki yake huyu. Alikwisha kumaliza shavu la kulia, ghafla akashika kifua, akaanguka. Mshtuko wa moyo! Zedekia alimpakia kwenye lori la kahawa hadi hospitali Kasese, povu la sabuni likimkaukia mwenyewe usoni. "Manesi walishindwa kujua mugonjwa ni nani," anacheka Zedekia akinisimulia.

Benoît alipona, lakini daktari aliwaonya: moyo uliojeruhiwa unaweza kugandisha damu ndani yake, bonge likapanda kichwani, likaleta kiharusi. Hatari ni kubwa zaidi wiki za mwanzo, kisha hupungua, ingawa haiishi. Mdomo ukienda upande, ulimi ukiwa mzito, mkono ukilegea, akimbizwe hospitali.

Mkono ukilegea! Na wembe uko shingoni mwa nani? Soko zima lilisikia. Benoît, aliyekimbia vita Butembo, Kongo, na kuanza upya na mkasi mmoja, aliporudi kazini hakukuta mteja.

"Batu balisema, kama Zedekia anaogopa, sisi tutakaa namna gani? Ile iliniuma kupita ugonjwa," anasema Benoît kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

Hakukaa kulia. Sigara alitupa, dawa anameza. Mkewe, Wivine, ameficha chumvi, na kila asubuhi humkagua, akimwita kwa jina la mtoto wao: "Papa Jeanine, cheka. Inua mikono. Sema kitu." Benoît humtania. "Siku atashindwa kunitania, nitaita lori," anasema Wivine.

Leo Zedekia anakagua mwenyewe, hadharani. "Cheka!" Meno yote nje. "Inua mikono!" Inapanda sawasawa, wembe ukimetameta, watu wakirudi nyuma. Zedekia anahema, anaketi, anafumba macho kama mtoto anayechomwa sindano. Soko linapiga vigelegele.

"Nikimaliza huyu, batu bote batarudia," Benoît ananinong'oneza kwa furaha. Anapaka sabuni, anaelekea shavu la kulia.

"We! Hiyo ulimaliza," Zedekia anamaka, macho bado kayafumba. "Anza huku. Hapa ndiyo uliachia."

Benoît anacheka mpaka anajifuta machozi kwa taulo la mteja, kisha anaanza kushoto.