Kiti cha Fundi Mkuu Pale Kadina

Dulcie Pengelly alinikera tangu siku ile ya mwaka 1958 alipoajiriwa katika duka letu la redio pale Kadina, Australia, na cheti chake cha kozi ya ufundi ya Adelaide. Mimi nilikuwa nimefanya kazi pale miaka kumi na tisa, natengeneza redio. Redio ya valvu, zile taa za kioo za ndani, ilikuwa hainipigi chenga: nagonga valvu moja moja kwa penseli, nasikiliza ipi inalia vibaya, naing'oa, kwisha kazi. Fundi mkuu wetu alikuwa anastaafu, na kiti chake, nani asiyejua, kilikuwa changu.

Mara zikaja redio za transista, vidude vidogo vilivyochukua nafasi ya valvu. Bosi Hocking akazipeleka zote mezani kwa Dulcie. Zote! "Cec, wewe endelea na makabati yako ya valvu," akanitania. Wateja nao wakaanza kuulizia "yule dada". Wivu ulinishika, sifichi; niliona hata kiti kinamwendea yeye. Hata namna alivyokunywa chai ilinichefua.

Mchana mmoja alipotoka kula, nikaivamia redio ya mwalimu mmoja iliyokuwa mezani kwake. Mguu mmoja wa waya wa transista ulikuwa umeachia. Aka, kitu kidogo hicho! Nikachukua chuma changu cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya, kile kinene, nikakandamiza kama nilivyozoea kwenye valvu. Dulcie huwa anaubana mguu kwa koleo ili moto usipande ndani ya transista na kuiunguza. Mimi, koleo la nini? Transista ikaungua palepale.

Bosi alipoijaribu, kimya. "Nani kaiharibu hii?"

Nikainamia meza yangu. Bosi ni mtu wa kuuza tu, haoni tofauti ya kazi ya fundi huyu na yule. Lakini Dulcie alilitazama lile donge nono la risasi, akajua mkono wa nani.

"Ni mimi, bosi," akasema.

Bosi alipoondoka nikamfokea. "Nani kakutuma unionee huruma?"

"Shusha sauti, kaka Cec. Kiti umekisubiri miaka yote hiyo, kichukue. Mimi kazi naipata popote, redio hizi ndizo zinazokuja. Wewe valvu zikiisha utakwenda wapi?"

Wallahi, afadhali angenichongea! Jumatatu bosi akanitangaza fundi mkuu mbele ya watu wote. Wakapiga makofi, Dulcie akapiga kuliko wote. Nami nikakikalia kile kiti.