Kiraka cha Kifuani

Hedwig Tröndle alikuwa amebakiza kiraka kimoja tu, cha kifuani, na hicho kimoja kilimkosesha raha wiki nzima.

Vazi lilikuwa la mjukuu wake Liesel, mwenye miezi kumi na meno mawili. Katika mji huu mtoto akiingia kanivali mara ya kwanza huvishwa viraka vilivyoombwa nyumba kwa nyumba, pande zote mbili za mto Rhine. Enzi za Napoleon wakubwa waliukata mji, huku Ujerumani, kule Uswisi, lakini chama cha kanivali kiliwashinda kukikata. Vazi lenye vitambaa vya upande mmoja tu, watu husema mtoto kavaa nusu mji.

Kiraka cha kifuani hutolewa na mama wa ubatizo. Wa Liesel ni Vreni wa ng'ambo, rafiki wa Hedwig tangu wote wako na mapengo. Ila Vreni hakuwa amevuka daraja tangu Novemba, siku ya kufungua msimu wa kanivali, Hedwig alipoonja supu yake ya unga mbele ya chama kizima, akauliza kama ni ya kunywa au ya kubandikia matangazo. Watu walicheka mpaka machozi. Vreni alibeba sufuria lake akaenda zake.

Annegret, mamake Liesel, alimsihi mama yake avuke yaishe. Hedwig alijibu kwamba daraja lina ncha mbili, na Vreni ana miguu.

Jumatatu ikafika, kanivali ni kesho. Hedwig alikata kipande cha pazia la jikoni mwake, akakibana kifuani pa vazi kwa pini. Nani angejua? Liesel alitambaa mpaka kwenye cherehani, akavuta mkono wa vazi lake, akaunyonya kwa raha zake. Hedwig akaona kwamba huyu ndiye angeuvaa huo uongo. Kisha akachomoa pini moja moja, akatia vazi na kile kipande cha pazia mfukoni, akampa Annegret mtoto, akavaa koti.

Katikati ya daraja alisimama kama anayetazama maji. Muuza mikate wa ng'ambo alikuwa anarudi kwake.

"Bibi Tröndle, umepotea njia?"

"Nabadilisha hewa," alisema, na sasa aibu ya kurudi ikawa kubwa kuliko ya kwenda.

Vreni alifungua mlango akiwa amevaa aproni yake ya maua ya bluu. Kifuani ilikuwa na tundu la mraba, sweta inachungulia.

"Umechelewa," alisema. "Kiraka nilikikata tangu sikukuu ya Wafalme Watatu, mwanzoni mwa Januari."

"Na unapikia aproni yenye tundu mwezi mzima?"

"Nisije nikasahau niliyemkasirikia."

Supu ilikuwa jikoni. Hedwig alimaliza yote, akasogeza bakuli aongezwe.

"Haya, sema," Vreni alisema.

"Haina mabonge."

"Ile ilikuwa nayo?"

"Wewe mwenyewe unajua, mwenzangu."

Vreni alibana midomo, lakini mabega yalianza kumtikisika yenyewe kwa kicheko. Alitoa kiraka kwenye kopo la biskuti, kimekunjwa na kupigwa pasi. Hedwig akakishona palepale mezani. Alipokata uzi, akanyoosha mkono.

"Sasa vua hiyo aproni."

Akatoa mfukoni kile kipande cha pazia. Kililingana na tundu, kana kwamba kilipimwa.