Ushuru wa Bibi

Miaka ya hamsini, barabara mpya ya kwenda Mwadui ilikata shamba la bibi yangu katikati. Hakulalamika, ila alilaza gogo barabarani. Ushuru wake ulikuwa salamu: dereva ashuke, avue kofia, aamkie, aulizwe habari za ng'ombe, watoto na mvua ya kwao, ndipo apite. Honi hakuitambua. Na kweli, jamani, honi ni salamu ya nani?

Dereva mmoja wa lori, mwenye haraka zake, alilikwepa gogo akapitia mbugani, penye majimaji. Tope likameza magurudumu. Bibi akamfuata taratibu, jembe begani, akasimama kando ya lori.

"Mama, nisaidie!"

Bibi akatazama mawingu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, mvua ikianza kudondoka. "Haya, ng'ombe wa kwenu hawajambo?"