Adui wa Chumvi

Juzi, katika basi la kwenda mtaa wa Evere, huku ughaibuni, nilikaa nyuma ya maman wa Bukavu na kijana wa chuo cha kilimo. Maman alikuwa akisimulia: wakati wa theluji alimwaga chumvi kwenye njia ya bustani asiteleze, na mahindi aliyopanda pembeni theluji ilipoisha yakaungua ncha za majani.

“Alors, ulifanya nini, maman?”

“Nilimwanga mayi mingi udongo uoshwe, kisha majivu ya kuni, sawa vile tunafanyaka kwetu. Yakakomaa!”

Kijana akajishika kichwa. “Mais maman! Kuosha chumvi, kisha potasse, ile mbolea ya majivu: njo mémoire yangu ya kumaliza chuo, utafiti wa deux ans, miaka mbili nzima!”

Maman akacheka mpaka machozi, akafungua kitambaa alichofungia chakula, akamkatia nusu ya hindi la kuchemsha. Mtaalamu wetu aling’ata, akatafuna, akamwinamia sikioni:

“Maman, hauna chumvi kidogo?”