Bolti ya Oili ya Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, gereji ya pikipiki pale Rulenge, nilishika spana nikajiona injinia. Fundi Mkuu akaninyang'anya. "We kijana, bolti inaanza kwa kidole. Ikikataa kidole, kwa spana utaiua tu." Nikashinda nafunga bolti kwa vidole mpaka jioni vikashindwa kushika kijiko. Mnacheka? Ndicho chuo nilichosoma baada ya darasa la saba.

Baadaye nikapata uhamisho. Msidhani ni wa serikali. Fundi Mkuu alihamia Nyakanazi kufuata bodaboda, nami nikapakiwa pamoja na vifaa.

Hapo ndipo akaja kijana mmoja wa Biharamulo, anasukuma pikipiki kama anasindikiza maiti. Alikuwa ameiazima kwa baba wa mchumba wake. Ili aonekane mkwe wa maana, akaamua kuirudisha na oili mpya. Ile bolti ya tumboni mwa injini, ya kumwagia oili chafu, akaikaza kwa nguvu zote za mapenzi. Sasa, bolti ni chuma, injini ni aluminiamu laini. Nyuzi za ndani ya tundu, ile mistari inayoishika bolti, zikachunika. Oili yote ikaenda chini.

"Mzee anaifuata leo hapahapa," akasema. "Akiikuta hivi, mke sina."

"Kwani sasa hivi unaye?" nikamuuliza.

"Nyamaza wewe!"

Fundi Mkuu akafuta tundu kwa kitambaa. Kikatoka kipande cha sabuni kikavu, na nyuzi za mfuko wa sandarusi.

"Hii sabuni umeweka wewe?"

"Sabuni gani, fundi?"

Tukaelewa. Mzee mwenyewe aliliua tundu zamani, akaliziba hivyo, kisha akawa anaazimisha watu pikipiki. Kijana akaruka juu. "Kumbe ni yeye! Akifika namwambia!"

"Mwambie," Fundi Mkuu akajibu, "halafu uoe sabuni."

Akaitupa ile sabuni jalalani. Akachukua bolti nene zaidi, ya chuma kigumu, akaichana mifereji ubavuni kwa msumeno ili iwe na meno ya kukata. Akaipaka grisi inase unga wa aluminiamu, usiingie kwenye injini. Mimi nikaizungusha ndani ya tundu. "Nusu mbele, rudi kidogo," akasema. "Chuma kikilia, rudi." Nyuzi mpya zikatoka zinang'aa. Tukasafisha, tukafunga bolti mpya ya unene uleule na ringi ya shaba, tukajaza oili.

Mzee huyo hapo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakutuangalia. Akainama, akapitisha kidole chini ya injini, akakitazama. Kikavu.

"Mbona haidondoshi?"

Nikang'ata mdomo. Kijana akainamisha kichwa kwa adabu. "Kwani ilikuwa inadondosha, baba?"

Mzee akakohoa kikohozi kirefu. "Aa, hapana. Njoo Jumapili na wazee wako."

Mimi nilistaafu kabla ndevu hazijajaa. Kipande cha chuma kilinirukia, jicho la kulia likabaki na ukungu. Sasa nalima maharage Mugoma, na harufu ya grisi naikumbuka kuliko pilau. Yule kijana hupita huku na pikipiki ileile, mkewe nyuma. Husimama tukataniana. Akiondoka, nainama na jicho langu zima, natazama pale iliposimama.

Pakavu.