Mbwa Aliyepimwa Mara Tatu

Mama yangu hakuwa mtu wa kubembeleza mnyama. Lakini mbwa wetu ndiye aliyefukuza fisi zizini, na mwaka ule kupe walimmaliza. Walijaa masikioni na katikati ya vidole, mpaka akawa anabweka amelala. Kuogesha tuliogesha, wapi!

Soko huria lilikuwa limekolea Bariadi. Mwenye mizani alinunua pamba, mwenye kabati aliuza dawa za mifugo. Tukasikia kuna kidonge mbwa anakimeza, kupe wakimnyonya wanakufa wenyewe. Ila kilienda kwa uzito: mbwa wa chini ya kilo ishirini kidogo, wa zaidi kikubwa.

Mizani ya karibu ilikuwa ya mnunuzi wa pamba pale kijijini, ambaye na sisi tulimuuzia yetu. Karani wake akamtundika mbwa ndani ya gunia, kichwa nje, huku akicheka.

"Kumi na nane, mayu," akamwambia mama, akimwita mama kwa Kisukuma.

Tukampakia kwenye tenga la baiskeli hadi mjini. Mimi nasukuma, mama anamshikilia na kumtukana kwa upendo. Mwenye duka la dawa alimnyanyua mara moja tu, akaguna.

"Huyu kumi na nane? Nikikupa kidogo, mayu, kupe watapona, mbwa utamzika."

Akatundika kwanza mfuko mpya wa chumvi ya ng'ombe, ulioandikwa kilo ishirini. Mizani yake ikasoma ishirini. Akamtundika mbwa: ishirini na tatu!

Mama akakaza kanga kiunoni, na mama akikaza kanga ujue kuna mtu ataoga maneno. Akanunua kidonge kikubwa, akakisokomeza kwenye kichwa cha samaki wa ziwani, wa Nassa, mbwa akakila chote. Kisha tukarudi moja kwa moja kwa karani, mbele ya foleni nzima ya wauza pamba.

"Nipimie tena mbwa wangu."

Kumi na nane.

"Mjini ametoka ishirini na tatu."

"Labda mizani ya mjini imemnenepesha, mayu."

"Weee! Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, mbwa atanenepa kwenye baiskeli?"

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Halafu kicheko kikakatika, wakaanza kupakia mizigo yao kwenye mikokoteni, mmoja mmoja. Karani akabaki anaigongagonga mizani. Nilifurahi siku ile, sijapata kufurahi vile!

Siku ya tatu nilifagia kupe waliokufa uani kama mbegu za ulezi. Mbwa akabweka amesimama. Nikamuuliza mama, miaka yote ile hakujua kwamba karani anatupunja pamba yetu?

"Nilijua," akasema, akimkuna mbwa sikio nililokuwa sijawahi kumwona akiligusa. "Ya pamba nilimezea. Lakini huyu mwanaharamu alitaka kuniulia mbwa."